Filamu ya Daybreak in Udi ipewe sauti mpya

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwashauri wenye vibanda vya video hapa Uganda waionyeshe Daybreak in Udi, filamu ya hali halisi iliyoongozwa na Terry Bishop mwaka 1949 na kushinda tuzo ya Oscar. Haifiki hata saa moja.

Inasimulia jinsi wanakijiji wa Umana, katika nchi ya Waigbo mashariki mwa Nigeria, walivyojijengea nyumba ya kujifungulia akina mama huku baadhi ya wazee wakipinga. Waigizaji ni wenyeji, na mkuu wa wilaya, E. R. Chadwick, alikuwa mtawala kweli wa kikoloni. Mganda atakayewaona wakijenga kwa mikono yao ataikumbuka mara moja bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ambayo wazee wetu hawakufundishwa na mtu yeyote kutoka London.

Hapo ndipo penye kasoro. Filamu ilitengenezwa na kitengo cha serikali ya Uingereza, na mambo yote tunayaona kwa jicho la mkuu wa wilaya, hata wapinzani wakabaki watu wa ushirikina tu. Haiulizwi kwa nini serikali iliyokuwa ikitoza kodi iliwaachia wanakijiji kazi hiyo, ingawa miaka 20 tu kabla ya hapo, mwaka 1929, wanawake wa mashariki mwa Nigeria walikuwa wameandamana kwa hofu ya kutozwa kodi, na makumi kati yao wakapigwa risasi.

Dawa yake tunayo. Zamani magari ya sinema ya serikali yalikuwa na mkalimani wa kuwaeleza watazamaji picha kwa kipaza sauti. Siku hizi VJ wa Kampala, msimulizi wa filamu kibandani, hufanya kazi hiyo hiyo, ila yeye hutania, hubisha na hata humkosoa muigizaji. (Wakuu wa Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939, walidai kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Laiti wangeketi kibandani Jumamosi moja!)

Basi VJ mmoja aisimulie upya kwa Kiswahili badala ya Kiganda, ili nasi tulio mbali na Buganda tufuate, na asimpite haraka yule mzee mpinzani, kwa kuwa katika filamu nzima hakuna aliyekosa msemaji kama yeye.

Msomaji wako,
Mbale