Petard na askari wetu wa Khedive Ismail

Mhariri,

Sina ugomvi na sifa mlizoipa manowari ya Kiingereza Petard kwenye makala yenu. Ni kweli katika Vita vya Pili vya Dunia ilizamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani, zote tatu. Ni kweli pia kwamba Oktoba 1942 mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Ujerumani, U-559, iliyokuwa ikizama wakatoa vitabu vya siri, na wawili kati yao, Fasson na Grazier, hawakutoka tena. Hayo yalijaza nusu ukurasa. Nyambizi ya Japani, I-27, ikapewa mstari mmoja: ilizamishwa Bahari ya Hindi, Februari 1944. Basi.

Jamani, huo ndio mstari unaotuhusu! Msafara ulioshambuliwa na I-27 ulitoka Kilindini ukielekea Colombo, meli tano za abiria, mojawapo Khedive Ismail. Petard na manowari mwenzake Paladin waliungana nao njiani. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Kikosi cha 301, pamoja na wauguzi. Jumamosi ya tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, topedo mbili za I-27 ziliipata. Ilizama kwa dakika chache tu, wengi wakiwa bado sitaha za chini. Walikufa 1,297.

Walionusurika walikuwa wakielea, na I-27 imejificha chini yao. Nahodha wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na meli nyingine nne za kulinda. Akaamuru mabomu ya kulipua chini ya maji yatupwe palepale, na baadhi ya waliokuwa wakingoja kuokolewa wakauawa nayo. Simhukumu, aliyekaa barazani na kahawa yake asijifanye alijua la kufanya. Nyambizi yenyewe ilikuwa ngumu: ilipoibuka makombora hayakuitoboa, Paladin ilijaribu kuigonga ikachanwa ubavu, na ni topedo ya saba ya Petard iliyoimaliza.

Ninachokataa ni kuhesabu nyambizi tatu bila kuwataja waliokuwa majini. Tani na mwendo wa meli tumeshapewa. Mwandishi akiendelea na mfululizo wake, atuambie vijana wa Kikosi cha 301 waliandikishwa wapi, na jamaa zao walipewa habari gani, na lini.

Msomaji wenu,
Mombasa