Lebo mia mbili kabatini

Tanga, Jumapili jioni

Mpenzi Mwanahawa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama, ambaye hulalamikia magoti yake asubuhi na ukimya wako jioni. Nimemwambia kwamba lawama hiyo ni yangu pia, kwani tangu arusi ya Saumu sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya lebo.

Bila shaka unaikumbuka ile shampuu ya mitishamba niliyokueleza, ya mshubiri, uwatu, mwarobaini na majani ya mkunazi. Wifi Zuhura, ambaye tumeingia naye ubia, amekwisha kuchapisha lebo 200 zenye maandishi ya rangi ya dhahabu yasemayo, "Hukuza nywele kwa siku 21", nazo zimo katika kabati la jikoni, hata siwezi kuchukua chumvi bila kuzisoma.

Utengenezaji wenyewe umenitia adabu. Mara ya kwanza nilitumia sabuni ya maji tunayopika wenyewe, na kwa kuwa ukali wake uliacha nywele zikikwaruza kama makumbi, nikatia maji ya ndimu ili niupunguze. Sabuni ikakatika kama tui, mafuta juu, maji chini. Mara ya pili nilinunua kitoa povu laini kitokanacho na mafuta ya nazi, nikachuja maji ya majani mara mbili, nikatia sodiamu benzoeti ili yasivunde, nikajiona nimefuzu. Siku ya tisa chupa zilikuwa zimevimba na chumba kinanuka mtaro. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba benzoeti huhitaji asidi, pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa 5 au chini yake, ilhali mimi sikuwa nimepima chochote. Nilikadiria kwa ulimi, jambo ambalo nakusihi usimsimulie mtu yeyote huko maabara.

Zuhura anataka pia tuuondoe mkunazi. Majani yake yakipondwa hutoa povu yenyewe na huziacha nywele laini sana, lakini ndiyo majani tunayooshea maiti, na Bi. Kidawa alipoinusa chupa aliuliza kama tumekwisha kumkatia na sanda.

Hayo yote yana dawa. Lisilo na dawa ni zile siku 21. Unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, utake usitake, maana yake katika siku 21 utaongezeka karibu milimita 7, na kwa hesabu hiyo hata maji ya kisima cha kwetu yanastahili lebo ya dhahabu. Zuhura hunijibu kwa Rehema, ambaye panja zake zilikuwa zimebaki upara na sasa zimeota nywele baada ya kuitumia shampuu yetu miezi mitatu. Ni kweli zimeota, nimezishika kwa mkono wangu. Lakini katika miezi hiyo hiyo Rehema aliacha kusuka zile rasta za kuvuta hadi macho yanalegea, na kila msusi anajua kwamba nywele zikivutwa mno hukatika na kung'oka kuanzia panjani. Sasa ni shampuu iliyomponya, au ni kupumzishwa?

Nilisoma pia kuhusu jaribio lililochapishwa mwaka 2015 huko Iran, ambapo wanaume 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa, wengine wakapaka mafuta ya rozimeri na wengine minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 2, na baada ya miezi sita matokeo yakakaribiana. Zuhura alishangilia kabla sijamaliza kusoma. Nilimwambia kwamba yale ni mafuta yanayoachwa kichwani, nasi tunauza kitu kinachokaa dakika tatu kisha kinasuuzwa, tena hakina rozimeri hata jani moja. Alinyamaza, ila lebo hakuzitoa.

Kwangu mimi ingetosha kuandika kwamba inasafisha kichwa na haikaushi nywele, kwa sababu hayo nimeyaona kwa macho yangu. Zuhura anasema hakuna atakayenunua usafi.

Je, waweza kunipimia pH, na kuniambia niongeze asidi ya sitriki kiasi gani? Ikishuka chini ya 5, benzoeti itatosha peke yake, au majani yanahitaji kihifadhi kingine? Nikienda TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi, nao wakaniuliza ushahidi wa zile siku 21, nitawapeleka Rehema na panja zake? Na je, waweza kumpigia Zuhura simu wewe, kwa kuwa mimi ananiona mwoga wa biashara?

Hamisi anasafiri kuja Morogoro Alhamisi, nami nimemkabidhi chupa tatu zilizofungwa kwa magazeti. Ile yenye uzi mwekundu ni ya siku ya tisa. Tafadhali ifungulie nje.

Wako,
Mwanaidi