Shiru, haidrenjia ya Mama imechanua

Utawala, Nairobi
Jumapili jioni

Shiru mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumai u buheri wa afya wewe na vijana, na baridi ya huko Leeds haijawazidi nguvu. Sisi hatujambo. Mvua za vuli zimeanza, Baba Tevin anakohoa kidogo lakini kazini anaenda. Salamu zitoshe hapo, maana kuna jambo linanichoma tangu Alhamisi.

Haidrenjia ya Mama, lile ua lake la bluu la Limuru, imechanua.

Vichwa vinne, kila kimoja kikubwa kama sahani ya kikombe. Nilitoka asubuhi kumwaga maji ya mchele, nikabaki nimesimama pale na sufuria mkononi mpaka Tevin akaja kuniuliza kama chai iko. Miezi 19 tangu tuitoe Limuru! Na miezi yote hiyo sikukuandikia neno juu yake, kwa sababu kila ulipouliza, sikuwa na la kusema ila majani. Majani mazuri, ya kijani kibichi, lakini majani tu. Nisamehe kwa ule ukimya. Sikuwa nimekusahau, nilikuwa nangoja niwe na habari.

Sasa habari ipo, ila ina mkia. Maua hayakutoka bluu. Matatu ni pinki, na la nne ni zambarau, upande mmoja limekolea karibu kuwa bluu.

Nilituma picha kwenye kile kikundi chetu cha WhatsApp kwa furaha, bila kuwaza. Njoki akajibu kwa maneno matatu: "Hiyo si yake." Jioni Karis akanipigia, akaniuliza kwa upole kama ile ya Mama ilikufa nikanunua nyingine barabarani ili nisiwavunje moyo. Kwa upole, ndiyo, lakini aliuliza. Shiru, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Wewe ndiye uliyeniachia kazi ya kuihamisha na hukuwepo ikifanyika, kwa hiyo nataka uisikie yote kutoka kwangu.

Unakumbuka mnunuzi wa pale kwa Mama, Limuru, aliwapa hadi mwisho wa Aprili kuondoa vitu. Watu waliniambia niende Machi, niimalize mapema, nikakataa. Jua la Machi lingeiua njiani. Nilingoja mvua ya masika ishike, mvua tatu nzuri, ndipo tukaenda mimi, Baba Tevin na yule kijana wa Mzee Kimotho. Jana yake nilikuwa nimempigia jirani yenu aimwagilie mitungi miwili ya lita 20 jioni, ili isafiri ikiwa imeshiba.

Kijana alitaka kuanza na sururu pale pale kwenye shina. Nilimshika mkono. Mizizi ya haidrenjia haizami, imetandaa chini ya udongo wa juu kama mkeka, myembamba kama nywele, na ukichimba karibu umeikata yote. Tukachora duara, hatua moja kutoka shinani kila upande, tukachimba kuzunguka polepole, halafu tukapitisha sepetu chini kama unavyonasua chapati kwenye tawa. Ilitoka na donge lake zima. Tukasukuma gunia bichi chini yake, tukalifunga kwa kamba za katani, wakalibeba watu watatu, kwa kuwa jirani naye alikuja kusaidia. Alilia kidogo yule mama. Alisema alizoea kumwona Mama akimwaga masalio ya majani ya chai pale chini kila baada ya kifungua kinywa.

Matawi sikuyakata. Baba Tevin alitaka tuyapunguze yote yafike magotini, eti mzigo uwe mwepesi, tukabishana kidogo. Lakini aina hii hutoa maua juu ya matawi ya zamani, ukiyafyeka umejinyima maua mwenyewe. Nilitoa vichwa vilivyokauka na vijiti vilivyokufa, na majani makubwa nikayakata nusu yasinywe maji mengi wakati mizizi imeshtuka. Vijiti sita vibichi, visivyo na ua, nilivichukua kando. Nitavirudia.

Kwenye pikapu nilifunika yote kwa leso mbili zilizoloweshwa, maana upepo wa barabarani hukausha majani kuliko jua. Tukapita Banana, Ruaka, tukashika Northern Bypass, mimi nimekaa nyuma nimeshika shina. Karis akiuliza tena, mwambie hivyo. Nilikaa nyuma nimelishika mpaka nyumbani.

Hapa Utawala ndipo penye shida, na ndipo penye jibu la rangi. Unaujua udongo wetu, mweusi, kiangazi unapasuka mkono unaingia, mvua ikinyesha unanata mpaka unakuvua kiatu. Ukichimba shimo refu ukapanda, shimo linakuwa beseni, maji yanasimama, mizizi inaoza. Kwa hiyo sikuchimba kwenda chini. Nilitengeneza tuta pana, nikachanganya samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza na magunia mawili ya udongo mwekundu tuliotoka nao kwenu. Mawili tu, pikapu ilikuwa imejaa vyombo vya Mama. Nikaipanda kwa kina kile kile ilichokuwa nacho, nikamwagilia hapo hapo, nikatandaza nyasi kavu juu. Niliiweka upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi, na mchana nyumba iikinge.

Wiki mbili za kwanza nilikonda. Kila saa saba majani yanalala kama nguo iliyoloweshwa, kila jioni yanainuka. Nilisimika vijiti nikatundika leso ya kivuli. Mwezi wa pili ikaacha kulala, nikajua imeshika. Halafu mwaka mzima haikutoa hata tumba moja. Nadhani ilikuwa inatengeneza mizizi kwanza.

Sasa rangi. Baada ya simu ya Karis nilikwenda kwa yule mzee wa kitalu hapa kwenye Bypass, nikamwonyesha picha zote mbili, ya Limuru na ya sasa. Hakuniuliza jingine ila, "Uliitoa udongo gani ukaipeleka udongo gani?" Nilipomjibu akacheka. Akasema, mama, hilo ni ua moja.

Yaani iko hivi. Udongo mwekundu wa Limuru una asidi, ndiyo maana chai inaupenda, na ndiyo maana chai ya kwanza ya Kenya ilipandwa huko huko Limuru mwaka 1903. Katika udongo wa namna hiyo madini ya alumini huyeyuka, mmea ukayanywa, yakapanda mpaka kwenye ua yakaungana na rangi yake, na ua likawa bluu. Udongo wetu mweusi una chokaa. Humo alumini hufungika, mmea hauipati, na ua lile lile hutoka pinki. Ongeza maji ya kisima tunayotumia hapa, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, na mabaki ya saruji ya fundi aliyejenga ukuta. Bluu ingetoka wapi? Zile nyeupe ndizo hazibadiliki, popote uzipeleke. Na yale majani ya chai ya Mama, sidhani ndiyo yaliyokuwa yakiipa bluu. Ulikuwa udongo wenyewe.

Nilirudi nyumbani mbio kuangalia kile kichwa cha zambarau. Shiru, kiko upande nilioumwaga ule udongo mwekundu kwa wingi! Upande wa ukuta, pinki tupu. Mmea mmoja, udongo wa aina mbili, na ua linasema limelishwa nini. Nimepiga picha ya shina kwa karibu, na ule mkwaruzo wa panga aliouacha baba yako bado unaonekana. Njoki aitazame hiyo.

Mzee anasema inaweza kurudishwa bluu. Kuna alumini salfeti, inayosafishia maji, unayeyusha kijiko kikubwa kimoja kwenye lita 4 za maji, unamwagilia kwenye udongo uliokwisha kulowa. Lakini alinionya nisifanye hivyo mpaka mmea utimize miaka miwili hapa, kwa sababu ikizidi huunguza mizizi. Na mimi sina hamu sana. Udongo huu utaivuta irudi pinki kila mara, itakuwa dawa ya maisha. Kwa moyo wangu ningeiacha ilivyo. Lakini si yangu, ni yenu, na sitaki kuamua peke yangu.

Ndiyo maana nakurudisha kwenye vile vijiti sita. Niliviacha na majani mawili mawili yaliyokatwa nusu, nikavipanda kwenye mikebe, nikavifunika mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, kivulini. Vinne vilishika. Kimoja nilikiweka kwenye ndoo yenye udongo mwekundu mtupu wa kwenu, na hicho nakipa maji ya mvua peke yake. Leo asubuhi nimeona kina tumba. Dogo, kama punje ya mtama, la kijani, hata rangi bado. Mzee ameniahidi litakuwa bluu. Nalichungulia kila nikipita, jana nilitoka na tochi.

Sasa nijibu, dada. Ile kubwa tuiache au tuiponye? Unadhani nimwite Njoki aje aione kwa macho, au atahisi namshtaki? Mama mwenyewe aliipata wapi, si kuna siku alituambia ilitoka kwa mwajiri wake wa zamani kule Tigoni, au nachanganya? Vijiti vitatu vilivyobaki nimpe nani, Karis ana mahali pa kivuli kule Kitengela, au jua litakimaliza? Huko Leeds ziko, umeziona kwenye nyua za watu? Za rangi gani mtaani kwako? Na wewe unakuja Desemba kweli, ama ni ile Desemba ya kila mwaka?

Nijibu kabla mvua hazijakatika. Zikikatika sitaigusa tena mpaka Aprili, na vile vijiti lazima vihame sasa wakati udongo bado una maji.

Wako,
Nafula

Mkebe mmoja nimeuandika jina lako kwa rangi ya kucha.