Shukrani kwa mzee fundi wa baiskeli pale Cabanas

Mzee wangu, niliondoka bila kukuuliza jina, na jambo hilo limenikaa moyoni. Mimi ni yule binti wa baiskeli ya buluu. Tulikuwa tisa, siku ya kwanza ya safari ya Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, na kabla hata ya kutoka jijini nilikuwa nimepata pancha tatu. Tatu! Nilibadilisha tyubu Nyayo, nikabadilisha tena Bellevue. Ilipoishiwa upepo Cabanas, nilikaa kando ya barabara nikalia, maana wenzangu walikuwa wakinisubiri juani na tyubu zimekwisha.

Ulikuja bila kuitwa. Hukukimbilia tyubu kama nilivyofanya mimi. Ulichukua kitambaa, ukakipitisha taratibu ndani ya tairi mpaka kikanasa, kisha ukang'oa kwa koleo kiwaya chembamba kama unywele. Ukanieleza kwamba viwaya hivyo hutoka kwenye tairi za malori zinazopasuka barabarani, na macho hayavioni. Ndipo ukaziba tyubu zote tatu kwa viraka na solusheni, ukakataa pesa. "Nenda, binti yangu, wenzako wanangoja."

Tulifika Emali jua likizama. Mombasa tuliingia siku ya nne, na tairi lile halikutoboka tena.

Asante sana, mzee wangu. Halua yako ninayo. Jumamosi asubuhi nitapita hapo kwenye kibanda chako.