Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kibofu, mishipa ya fahamu na ile mashine mnayoniulizia kila siku

Mbukwenyi wanachama wenzangu wa chama chetu cha wenye shida ya mkojo hapa Dodoma, mliofika ukumbini na nyie mtakaosoma kwenye grupu. Kamati imeniomba niwe mfupi ila wote mnanijua, alafu mwaka huu kuna jambo moja limekula muda kuliko mengine yote, ile mashine ya umeme wa kutibu mkojo, kwahiyo mengine ntayapita haraka haraka.

Tumeongezeka, hasa kina mama wenye watoto wa mgongo wazi kutoka Bahi na Chamwino, na vijana wa bodaboda walioumia uti wa mgongo. Vikao vilifanyika, japo masika mahudhurio yalikua hafifu, barabara zetu mnazijua. Ada inasuasua. Wanaoenda kliniki Dar wengi wamehamia treni ya SGR, na sio kwa ajili ya spidi, ni choo! Yani ukishawahi kumuomba konda asimamishe basi uchimbe dawa mara ya tatu kabla hata hamjafika Gairo, unaelewa naongea nini.

Sasa mashine. Ilizunguka video kwenye magrupu, mtu kashika rimoti, anabonyeza, haja inatulia, na wiki hiyohiyo simu yangu haikupumzika. Tukaomba mtu wa fizio, yani mtaalamu wa tiba ya viungo, aje kikaoni atufafanulie, na nayaweka hapa kwa maandishi mana nusu yenu hamkuwepo.

Kibofu hakijiendeshi chenyewe. Kikianza kujaa, mishipa ya fahamu inapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, kule chini kabisa kwenye mizizi wanayoiita S2 mpaka S4, inapanda mpaka kwenye ubongo, na ubongo ndio unaamua tusubiri au twende. Mtu mzima anaweza kubeba kama mililita 400 hadi 500, karibu sawa na ile chupa ndogo ya maji, lakini mwenye kibofu chenye vurugu anabanwa hata kikiwa na robo ya hapo, na akichelewa mlangoni imekula kwake. Umeme mdogo ukipitishwa kwenye mishipa hiyo unazituliza hizo taarifa za uongo.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya kupandikiza, ilianzia kwa madaktari Tanagho na Schmidt pale Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na Marekani waliiruhusu mwaka 1997. Waya mwembamba unapitishwa kwenye tundu la mfupa wa chini ya mgongo mpaka karibu na mzizi wa S3, betri inakaa chini ya ngozi juu ya tako. Kilichonifurahisha ni kwamba hawakupandikizi moja kwa moja, unajaribishwa kwanza betri ikiwa nje, na tatizo lisipopungua angalau nusu wanautoa waya mnaachana salama. Betri za kuchaji zimetengenezwa zidumu hata miaka 15. Ila bei ni maelfu ya dola, na kikoba chetu mnakijua.

Ya pili ndio iliyoleta kelele kikaoni, ya kwenye kifundo cha mguu. Kuna mshipa wa fahamu unashuka mguuni, unapita nyuma ya nundu ya ndani ya kifundo, na mizizi yake kule mgongoni inaingiliana na ya kibofu. Mama mmoja wa Kizota alijitolea, akakalishwa kwenye benchi, pedi moja ikabandikwa nyuma ya nundu na nyingine kama sentimita 10 juu yake, fizio akapandisha umeme taratibu mpaka kidole gumba kikaanza kuchezacheza chenyewe. Ukumbi mzima ulisimama kuangalia! Yeye anasema alisikia kama siafu wanatembea kwenye unyayo, haiumi. Kuna wanaotumia sindano nyembamba badala ya pedi, dakika 30 kila wiki kwa wiki 12, na wengi inabidi warudierudie baadae.

Je inasaidia? Kwa sindano, Marekani mwaka 2010 walitoa majibu ya watu wazima 220, waliopata umeme kweli asilimia 54.5 walipata nafuu ya maana, na waliofanyiwa ya kuigiza, yani bila tiba yenyewe, ni asilimia 20.9. Lakini Uingereza walijaribu ile ya pedi kwa wazee 406 wanaoishi kwenye nyumba za kulelea wazee, haikuizidi ya kuigiza. Kwahiyo yule kijana aliyekua anazunguka sokoni na kimashine akidai kinatibu mkojo wa kila aina, msimpe hela yenu. Na mwenye kifaa cha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani au mjamzito asijibandike kitu bila daktari.

Alafu sio kila mkojo unaovuja ni wa mishipa ya fahamu. Mama aliyeanza kuvuja mfululizo baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula, lile ni tundu kati ya kibofu na uke, linataka upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar wametibu kina mama wengi miaka na miaka. Mzee ambaye mkojo hautoki vizuri akapimwe tezi dume.

Ndio mana kamati badala ya kununua mashine ilinunua majagi yenye vipimo na madaftari. Mtu anaandika siku tatu mfululizo, kanywa nini, kakojoa saa ngapi na kiasi gani. Mwanachama wetu wa Kongwa alikua wa kwanza kuidai mashine, daftari lake likaonyesha anatoa zaidi ya lita tatu na nusu kwa siku, akapelekwa kupima, kumbe sukari. Huyo umeme ungemsaidia nini?

Na wenzetu ambao uti umekatika kabisa, au watoto ambao kibofu hakimwagi chote, nisiwadanganye, kwa wengi wao pedi za mguuni sio jibu. Jibu ni mpira wa mkojo (katheta), unaingizwa kwenye kibofu kila baada ya saa nne hadi sita, unatoa, unahifadhi. Tangu 1972 Dk. Lapides wa Michigan alionyesha kwamba mikono safi kwa sabuni na maji inatosha, sio lazima vifaa vya chumba cha upasuaji. Mkojo unaobaki ndani unarudisha presha kwenye figo, na figo hatuna za akiba. Mwaka huu mipira iliisha mara mbili tukabaki tunaazimana mapakiti, hilo halikubaliki.

Kwahiyo mapendekezo ya kamati ni haya: hela ya mwaka ujao ianze na mipira, kinachobaki kimlipe fizio nauli aje mara moja kwa wiki na mashine yake ya pedi, kwa wale tu ambao daftari na daktari wamesema wanafaa. Najua kuna upande unataka tuchange tununue yetu, na mama wa Kizota ndio kinara wao, basi apewe dakika tano aongee kabla hatujanyoosha mikono. Baada ya hapo mweka hazina asome mahesabu.