Mtoto mchanga ahesabiwe pale anapolala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwetu sisi watu wa kusini mwa Tanzania lina sura yake ya pekee, nalo ni kazi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii ya kuwatembelea majumbani wazazi wenye watoto wachanga. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao zaidi ya 137,000 nchi nzima, kwa makadirio ya wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Mpango huo ninauunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu ni moja: katika utekelezaji wake, mtoto ahesabiwe pale anapolala katika wiki yake ya kwanza, hata kama kaya ya wazazi wake imeandikwa kwingine.

Huku Newala, na najua hata kwa jirani zetu wa Tandahimba na Masasi, binti mwenye mimba ya kwanza mara nyingi hurudi kwa mama yake kujifungua. Anatoka mjini alikoolewa, anashuka kwenye gari na begi lake na kadi ya kliniki, na hakai chini ya siku arobaini. Ni desturi njema, maana mzazi mchanga anahitaji mtu wa kumchemshia maji na kumpokea mtoto usiku. Lakini daftari la mhudumu linaandika wakazi, na binti huyu si mkazi wa kwetu. Kule alikotoka mhudumu anajua kaya ina mjamzito, akifika anakuta kufuli mlangoni. Huku alikojifungulia hakuna aliyeagizwa kumtazama. Hivyo zile siku ambazo mtoto yuko hatarini zaidi kuliko wakati mwingine wowote wa utoto wake ndizo anazokuwa hana mwenyewe katika vitabu vya afya.

Haya nayasema kwa sababu yamenipata. Binti yangu alijifungua salama katika kituo cha afya, akaruhusiwa kesho yake, tukarudi nyumbani. Mtoto alikuwa halii, amelala muda wote, na mimi niliyelea watoto wangu mwenyewe nikawaambia majirani kwamba tumepata mtoto mpole. Siku ya tano mhudumu wa kitongoji alikuja kwa jirani yangu, akasikia kwamba kwangu kuna mzazi, akapita kusalimu. Baada ya shikamoo na marahaba hakuuliza mambo mengi. Alimwambia binti yangu, "Mama, hebu mnyonyeshe nione." Mtoto alishika titi mara mbili tatu, akaliachia, akalala. Yule mhudumu akamfunua nguo, akatazama saa yake huku akihesabu pumzi kwa dakika nzima, kisha akambeba hadi mlangoni penye mwanga wa jua na kubonyeza unyayo kwa kidole. Unyayo ulikuwa manjano, dalili ya umanjano mkali wa mtoto mchanga unaohitaji tiba haraka. Mimi nilikuwa nimemwogesha mtoto huyo asubuhi hiyohiyo ndani ya chumba chenye giza, na sikuona kitu. Nusu saa baadaye tulikuwa kwenye bodaboda kurudi kituoni, mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kama tulivyoelekezwa. Leo anakimbiza kuku uani, namshukuru Mungu, lakini sipendi uhai wa mjukuu wangu uwe ulitegemea kwamba jirani alikuwa na mgeni.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto watembelewe nyumbani katika wiki ya kwanza, na sisi wa mikoa hii si wageni wa jambo hilo. Kati ya 2010 na 2013 Taasisi ya Afya Ifakara ilifanya utafiti katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo, ambapo wanavijiji waliojitolea waliwatembelea wanawake mara tatu wakati wa mimba na mara mbili baada ya kujifungua. Baadhi ya mazoea ya kumtunza mtoto yalibadilika kuwa bora, ingawa utafiti haukuonyesha kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua. Wapo watakaosema basi ziara hizi hazina faida. Mimi nasoma matokeo hayo kwa namna nyingine: mhudumu anaweza kuona unyayo wa manjano, lakini kama kule anakompeleka mtoto hakuna muuguzi wala kifaa, macho yake peke yake hayaponyi. Ziara na kituo cha afya viende pamoja, na kimoja kisitumiwe kuwa kisingizio cha kuacha kingine.

Nina neno pia kuhusu anayezungumzwa naye. Wahudumu wengi humwelekeza mama mzazi, ilhali katika nyumba zetu anayeamua kama mtoto atapewa maji ya vuguvugu kabla ya kutimiza miezi sita ni bibi. Mimi mwenyewe niliyatoa kwa kijiko, kwa nia njema kabisa, hadi mhudumu yule aliponikalisha na kunieleza taratibu kwamba tumbo la mtoto wa siku tano ni dogo mno, na kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa. Hakunikaripia. Angenikaripia nisingemsikiliza, na angenipita akamwambia binti yangu, binti yangu asingethubutu kunikataza. Baba naye aitwe akae, kwa sababu nauli ya kwenda kituoni iko mfukoni mwake.

Halafu uko msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba familia nyingi huhamia mashambani kuokota, wengine wakiwa na vichanga vya wiki mbili, na kijijini hubaki wazee na milango iliyofungwa. Mhudumu anayelipwa posho isiyochelewa na mwenye usafiri anaweza kuwafuata huko; asiye na hivyo hatafika, nami siwezi kumlaumu.

Naiomba halmashauri yetu, na nyingine za Mtwara na Lindi zenye desturi kama zetu, ziagize jambo hili lisilohitaji fedha nyingi. Mama anaporuhusiwa kutoka kituoni, muuguzi amwulize atalala wapi wiki hii na kwa nani, aandike jina la kitongoji hicho kwenye kadi ya mtoto, na siku hiyohiyo ampigie simu mhudumu wa huko.

Bibi wa wajukuu sita,
Newala, Mtwara