Habari ya mchujo iliacha jambo kubwa zaidi: sajili ya wanachama

Kwako Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika hata barua moja. Kilichonitoa kimya ni habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu matayarisho ya mchujo wa vyama, yaani kura za kuteua wawaniaji wao, kuelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027, ile yenye picha ya wawaniaji wamesimama juu ya magari. Mwandishi aliimaliza kwa kuwahimiza "wakazi wote" wajitokeze kwa wingi siku ya mchujo. Wakazi wote hawapigi kura katika mchujo. Tangu Sheria ya Vyama vya Kisiasa ifanyiwe marekebisho mwaka 2022, mchujo wa kura za moja kwa moja ni wa wanachama waliosajiliwa wa chama husika, na sajili inayotakiwa ni ile iliyothibitishwa na Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Jina lako kuwa kwenye daftari la wapiga kura la IEBC, tume ya uchaguzi, pekee hakutoshi.

Kwa nini hilo halikuandikwa? Kujua uko chama gani ni kazi ya dakika mbili: bonyeza *509# kwenye simu, weka nambari ya kitambulisho, usome jibu. Huenda ukaambiwa huna chama, au uko katika chama unachokitaka, au uko katika chama ambacho hujawahi kukanyaga mkutano wake. Wasomaji wenu bila shaka wanakumbuka Juni 2021, Wakenya walipoingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakakuta wamesajiliwa katika vyama bila ridhaa yao. Sheria hairuhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo aliyeingizwa kwa hila lazima kwanza ajiondoe kwa maandishi na Msajili apate taarifa, ndipo ajisajili anakotaka. Hayo yote yanataka muda, na orodha za wanachama hufungwa wiki kadhaa kabla ya mchujo. Mwaka 2022 mchujo wote ulitakiwa uwe umekamilika kufikia Aprili 22. Aliyegundua kosa wiki hiyo alikuwa amechelewa.

Katika kituo kimoja cha wadi yetu mwaka huo, mama muuza samaki alipanga foleni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Karatasi za kura zilifika saa nane mchana. Alipofika mezani akaambiwa jina lake halimo. Ana kitambulisho, ana kadi ya chama aliyoinunua kwa pesa zake, na kila mtu kwenye foleni anamjua kuwa ni wa chama hicho. Kadi ile iliuzwa na wakala wa mwaniaji aliyekusanya majina kwenye daftari la shule na hakuyafikisha popote. Yule mama hakuwa na kosa lolote. Alikosa mtu wa kumwambia mapema kwamba kadi ya mkononi si sajili, na hiyo ndiyo kazi ninayotarajia gazeti liifanye.

Nasema kwa uchungu kwa sababu katika ngome za vyama mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Anayepata tikiti ya chama Aprili huwa ameshaanza kushonesha suti ya kuapishwa, na Agosti ni kuhitimisha tu. Hata hivyo kurasa zenu hujaa ushauri wa Agosti na hazina neno juu ya namna ya kuamua Aprili, wakati uamuzi wa Aprili ndio mgumu zaidi. Wote walio mbele yako ni wa chama kimoja, rangi moja, wimbo mmoja. Nembo haikusaidii kuchagua. Ndipo watu wanapoangukia ukoo, leso na noti ya mia mbili, si kwa ujinga, bali kwa kuwa hawajapewa kipimo kingine.

Kipimo kipo, na kimeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Chukua ahadi za kila mwaniaji uzilinganishe na kazi ya kiti anachokitaka. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, maji na barabara za kaunti ni mambo ya kaunti. Shule za msingi na za upili ni za serikali kuu, na madarasa yake yamekuwa yakijengwa kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ulio chini ya eneobunge. Mwaniaji wa udiwani anayeahidi bweni la shule ya upili ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anadanganya. Seneta hana hazina ya kuchimbia visima. Kazi yake ni kulinda mgao wa kaunti na kumhoji gavana anavyoutumia. Akikuahidi kisima, muulize pesa zitatoka fungu gani. Baada ya kuwapitisha wote katika chujio hilo, kati ya wawaniaji saba wa wadi mara nyingi hubaki wawili au watatu, na hao ndio wa kulinganisha kwa makini. Diwani aliyeko ofisini mwulize hoja alizowasilisha, maana kumbukumbu za bunge la kaunti zipo. Mgeni naye mwulize kuhusu kalenda ya bajeti: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio Aprili 30, na bajeti hupitishwa kufikia Juni 30. Mtu anayetaka kutusemea lakini hajawahi kuhudhuria hata kikao kimoja cha maoni ya umma kuhusu bajeti hiyo, ataanza kujifunza lini? Ataanza akishalipwa mshahara wetu, na daraja la kijiji litasubiri miaka mitano.

Kisha kuna hesabu, ambayo wapiga kura wengi hawaifanyi. Katika mchujo mshindi ni mwenye kura nyingi tu, hahitaji nusu. Wadi ikipiga kura 3,000 kukiwa na wawaniaji sita, mtu anaweza kutwaa tikiti kwa kura 501. Vijiji vitatu vyenye shida moja ya maji vikisimamisha watu watano, vinampa tikiti wa sita ambaye hahitaji maji hayo. Kwa hiyo si dhambi kumwacha unayempenda zaidi ukampa wa pili mwenye nafasi, ilimradi nafasi hiyo usiipime kwa urefu wa msafara wa pikipiki. Ipime kwa mawakala. Mwaniaji mwenye wakala katika kila kituo ana mtu wa kuona kura zikihesabiwa na kutia saini fomu ya matokeo. Asiye nao, hata mkimpa kura, hana wa kuzilinda.

Na kura za mchujo zinahitaji ulinzi kuliko za Agosti, kwa sababu msimamizi wa kituo mara nyingi huwa mtu wa chama, na kila mtu anajua ni rafiki wa nani. Karatasi huchelewa kwa kuwa zinahifadhiwa mbali na vituo na lori moja huzisambaza wadi baada ya wadi. Idadi yake hukadiriwa badala ya kuhesabiwa kutoka kwenye sajili. Aprili 21, 2017, Jubilee ililazimika kusimamisha mchujo wake baada ya karatasi kupungua huku watu wakiwa wamefurika vituoni, na watu wakaitwa kupanga foleni upya siku chache baadaye. Mfanyakazi wa kibarua hapati ruhusa mara mbili katika wiki moja. Anayetaka kupinga matokeo huanza kwa kamati ya chama chenyewe, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na huko anatakiwa aende na fomu zilizotiwa saini. Picha za umati uliokasirika hazitamfikisha mbali.

Kuna na hili la tikiti za moja kwa moja, yaani chama kumpa mwaniaji tikiti bila wanachama kupiga kura, ambalo gazeti huliandika kama habari njema: "chama chaepuka mvutano". Sheria inaruhusu uteuzi usio wa moja kwa moja, kupitia wajumbe au mahojiano, sikatai. Lakini wanachama hujulishwa siku mbili kabla, baada ya kuhimizwa wajisajili ili wapige kura. Waliolipa gharama ya kuwania hupewa kiti cha plastiki katika chumba cha hoteli na kuambiwa waafikiane. Sisi tulioishi wakati wa mlolongo wa 1988, KANU, chama pekee wakati huo, ilipopanga watu nyuma ya wawaniaji na aliyefikisha asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kura ya siri, tunajua ladha ya kuchaguliwa mtu huku ukitazama. Wakati ule angalau tuliitwa uwanjani.

Ninaomba mambo mawili. Gazeti litoe nusu ukurasa kila Jumamosi hadi wiki ya mchujo, *509# ikiwa juu kwa herufi kubwa, na chini yake jedwali la viti vyote: kazi ya kila kiti, fedha iliyo nayo na isiyo nayo, na tarehe nne za bajeti ya kaunti. Nanyi mvibane vyama vibandike sajili ya kila kituo kwenye mlango wa zahanati na kwenye lango la soko siku 14 kabla, vikiandika mwishoni idadi ya majina, ili sanduku la karatasi likifika saa kumi na mbili asubuhi mawakala wahesabu kama zinatosha kabla foleni haijaanza kusogea.

Msomaji wenu,
Kilifi